Zamu ya Mtani

Harrow, London
14 Oktoba 1973

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Shomari Kibwana,

Shikamoo Baba. Nataraji waraka huu utakufikia ukiwa mzima, wewe pamoja na Mama na wadogo zangu, na kwamba goti lako limekupa nafuu kabla mvua za vuli hazijashika. Mimi ni mzima wa afya, ingawa baridi ya huku imekwisha kuanza kuniuma masikio.

Kwa ruhusa yako, nitangulize habari mbili njema. Ya kwanza, nimefaulu mtihani wa udereva kwa jaribio la kwanza. Mtahini aliniuliza nani alinifundisha. Nikamjibu kwamba ni baba yangu, kwa lori la mkonge, katika barabara ya Muheza, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita. Alinitazama, kisha akatia saini. Ya pili, mhadhiri wangu wa stashahada ya utawala wa jamii ameniteua, mimi peke yangu miongoni mwa wanafunzi wa kutoka nje, kufanya mazoezi ya kazi katika ofisi ya ushauri hapa Harrow. Kila Jumanne na Alhamisi nakaa nyuma ya meza, na watu huniletea fomu za serikali zilizowashinda. Wengi ni Wahindi waliotoka Kampala, Mombasa na Unguja. Wakisikia Kiswahili changu, mabega yao hushuka kama waliotuliwa mizigo.

Miongoni mwa mashauri yangu lipo moja ambalo naamini litanijengea jina. Wiki iliyopita alikuja mzee wa Unguja aitwaye Soud Mrisho, Mnyamwezi aliyezaliwa mtaa wa Ng'ambo, ambaye alikuwa mtunza stoo katika gereji ya serikali hadi Mapinduzi, kisha akahamia huku na mkewe. Wakati wa vita alikuwa dereva wa jeshi huko Burma. Mguu wake wa kulia umekatwa juu ya goti. Serikali ya huku humsaidia askari aliyelemaa vitani gharama za gari: humpa posho ya kila mwaka ya kulitunza, humsamehe ushuru wa barabara, tena hugharimia vyuma vya kumwezesha kuendesha kwa mikono. Mzee Soud hupokea pensheni ndogo kwa ajili ya sikio lililozibwa na mizinga, lakini mguu haumo katika kumbukumbu za majeraha yake ya vita. Pasipo mguu, hakuna msaada.

Haombi gari la starehe. Mkewe, Bi Zuwena, amepatwa na kiharusi na amelazwa Lewisham, walikokuwa wakiishi. Mzee alihama kwa sababu nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu. Sasa anakaa Rayners Lane, upande mwingine kabisa wa jiji. Kwa magongo na treni, humwona mkewe mara moja kila baada ya wiki mbili.

Nimekumbuka kwamba wewe pia ulikuwa dereva katika bonde la Kabaw, huko huko Burma. Je, ulimfahamu? Ofisi ya pensheni inataka shahidi wa kikosi kimoja naye, na neno lako, ukiwa mwenyekiti wa Chama cha Askari Wastaafu, Tanga, pamoja na saini na mhuri, lingekuwa na uzito mkubwa. Shauri hili nikilishinda, ndilo nitakaloliandikia insha yangu ya mwisho.

Wasalimie wote kwa majina.

Bintiyo mtiifu,
Mwantumu


Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani, Tanga
3 Novemba 1973

Mwanangu Mwantumu,

Marahaba. Barua imefika, na sisi hapa tu wazima. Goti liko palepale, limekwisha kuwa mpangaji.

Leseni yako imemfurahisha mama yako kuliko mimi. Kawaambia wauza samaki wote, na sasa wananiuliza gari litafika lini. Lori letu gia ya pili inaruka. Fundi anasema ni gia, mimi nasema ni fundi.

Kuhusu shauri lako, askari tulikuwa wengi na miaka thelathini si mchezo. Wasaidie wale ambao karatasi zao zimekaa sawa. Mzee wa watu usimchokonoe mambo ya zamani.

Vaa soksi mbili mbili.

Baba yako


Harrow, London
25 Novemba 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko salama, na naomba fundi wa gia asamehewe. Soksi navaa tatu.

Uniwie radhi kwa kulirudia jambo uliloniomba niliache. Jumamosi nilifuatana na Mzee Soud kwenda Lewisham, ili nieleze safari yake katika rufaa tuliyokata kuhusu mguu, kwa nilichokiona mwenyewe. Nilimkuta kwenye chumba chake nyuma ya duka la Bwana Kishor, Mhindi aliyekuwa na duka Darajani, Unguja. Bwana Kishor ana gari dogo la zamani uani ambalo amekwisha kumpa.

"Mzee Soud," akamwambia tulipokuwa tukiondoka, "gari lipo, kutu ipo, funguo hizi hapa. Miguu tu ndiyo sina dukani."

"Ungekuwa nayo ungenipunja."

"Haki ya Mungu ningekupa miwili ya kushoto kwa bei ya mmoja."

Wakacheka wote wawili. Baada ya hapo Mzee hakucheka tena kwa muda mrefu. Kwenye vituo alihesabu ngazi kwa sauti, kama karani anayehesabu magunia bandarini. Zilifika mia moja na kumi na nne kwa kwenda tu, na safari ilituchukua saa mbili na nusu. Makwapa yake yalikuwa yamechubuka hata damu ikatokea kwenye shati.

Bi Zuwena alikuwa ameugeukia ukuta. Kiharusi kimemfuta Kiingereza chote. Kilichobaki ni Kiswahili, na katika wodi ile hakuna anayekijua. Mumewe alipokaa, aligeuka akasema, "Umechelewa. Wamenipa viazi tena." Kisha maneno yakaanza kumtoka, ya jirani zao wa Ng'ambo, ya kuku, ya mvua iliyowahi kuezua paa, bila kupumzika, mpaka kengele ya kuondoka. Baba, zilikuwa siku kumi na nne ambazo hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno analolielewa.

Wakati wa kurudi, tukipanda ngazi, Mzee aliniuliza baba yangu ni nani huko Tanga. Nikamtajia jina lako. Alisimama, mkono kwenye chuma cha ngazi, watu wakatupita pande zote.

"Shomari Mzigua? Yule mvivu bado anapumua?"

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikakatika, akasema, "Basi, mwanangu, hilo faili lifunge."

"Kwa nini, Mzee?"

"Lile lori nililichukua mwenyewe. Nilikuwa kijana, nilitaka kuona barabara inaishia wapi. Andika hivyo."

Ndivyo zisemavyo kumbukumbu za jeshi, ambazo ofisi imetuletea nakala zake: kwamba tarehe 19 Oktoba 1944 dereva Soud Mrisho hakuwa zamu, kwamba alichukua lori bila amri, likakanyaga bomu, na kwamba kwa hiyo jeraha la mguu halikutokana na utumishi. Lakini hiyo haiingii akilini, Baba. Hakuna mtu anayetembeza lori kwa kujifurahisha katika bonde lililotegwa mabomu, mvua ikinyesha. Nimemsihi asiifunge rufaa, naye hakukubali wala hakukataa. Itasikilizwa tarehe 26 Februari.

Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu zote, swali moja tu. Siku ile, zamu ilikuwa ya nani?

Bintiyo,
Mwantumu


Harrow, London
9 Januari 1974

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo.

Sijapata jibu la barua yangu ya Novemba. Huenda imepotea njiani, huenda haikupotea.

Huku umeme hukatwa kwa zamu, petroli ni ya kutafutwa, na treni zinasuasua kwa sababu ya mgogoro wa madereva. Mzee Soud hajafika Lewisham tangu kabla ya Krismasi. Nilikwenda mimi. Bi Zuwena aliniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nilipomjibu alinishika kidole. Muuguzi anasema hali chakula vizuri.

Nimeitoa ile picha uliyonipa nilipoondoka, wewe umevaa sare, umesimama mbele ya lori. Tangu utotoni nilidhani kwamba ilikatwa ili ienee kwenye fremu. Sasa naona mkono wa mtu umekulalia begani, na mwenye mkono ameondolewa kwa mkasi. Kidole cha kati kina pete ya fedha yenye jiwe la mraba. Pete hiyo naiona kila Alhamisi mezani kwangu.

Nimeona pia jinsi Mzee Soud anavyojaza fomu. Herufi zake zimelala upande kama zako, na kila mstari unaishia na kimkia kilekile ambacho walimu wangu walikuwa wakikusifia.

Sina swali jingine.

Mwantumu


Ngamiani, Tanga
22 Januari 1974

Mwanangu Mwantumu,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo na wadogo zako hawajambo. Mimi sijui nijibu nini juu ya hali yangu, kwa hiyo niache hapo.

Barua ya Novemba haikupotea. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imetoboka.

Zamu ilikuwa yangu.

Sisi Wazigua na Wanyamwezi tu watani, unajua, ila wewe umekulia mjini na utani kwako ni matusi ya harusini. Utani una kazi. Ukifiwa, mtani wako ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayechota maji, ndiye anayepika, anakutukana mpaka unacheka ukiwa na machozi. Wewe mfiwa hugusi kazi mpaka siku ya tatu. Kazi zako zote ni zake. Hili halikuandikwa kwenye kitabu chochote cha jeshi.

Mimi na Soud tulikutana kambini, na toka siku ya kwanza ilikuwa mvivu wewe, mpagazi wewe, maana Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya misafara. Nilikuwa sijui hata kuandika jina langu. Herufi hizi unazosoma kanifundisha yeye, kwa kijiti, kwenye matope. Tarehe 18 Oktoba iliwasili barua kutoka Handeni, imetembea miezi minne. Akanisomea yeye. Akaisoma kimya kwanza, nikaona uso wake, nikasema, "Soma, mpagazi, unaringia macho?" Akanisomea. Bibi yako alikuwa amekufa Juni.

Miezi minne alikuwa ardhini, lakini kwangu alikufa siku ile. Soud akasema, "Leo ni siku ya kwanza." Akanifulia nguo. Akanipikia. Asubuhi ya tarehe 19, siku ya pili kwa hesabu yake, ilikuwa zamu yangu kupeleka maji mbele. Nikavaa buti. Akanivua. Nilimwambia, "Nitaomba ruhusa kwa Kapteni." Akasema, "Utamwambia nini? Mama amekufa toka Juni? Atakucheka. Kaa chini, mvivu. Mfiwa haendeshi gari mtani wake yupo." Akachukua karatasi yangu ya safari, akapanda. Nilimwachia, mwanangu. Tena nilifurahi, maana nilikuwa nimechoka na mvua.

Mlio tuliusikia tukiwa kambini.

Waganga walimkata jioni. Niliuomba ule mguu. Yule mtu wa hospitali alidhani nimerukwa na akili. Nikauosha, nikaufunga kwa shuka langu, nikachimba nyuma ya mahema, nikaulaza kuelekea kibla. Sikujua dua gani husomewa mguu, nikasoma Fatiha. Mpaka hapo nilikuwa mtani kweli.

Siku ya pili yake Kapteni akaniita. Kutoa zamu yako bila amri ilikuwa jela, na waliotoka jela ile tuliwaona walivyotoka. Akaniuliza kupitia mkalimani, "Ulimtuma wewe?" Nikasema hapana. Nikasema nilikuwa nimelala. Nikasema alilichukua mwenyewe. Wakaenda kitandani kumwuliza yeye, mguu hana, homa imempanda, wakamsomea maneno yangu. Akasema, "Ndivyo. Nililichukua mwenyewe."

Nilikwenda kumwona mara moja kabla hawajampeleka India. Aliniambia, "Siku ya tatu imekwisha. Vaa buti zako." Basi.

Baada ya vita alikuwa akinitumia kadi moja kila mwaka, siku ya Idi, kutoka Unguja. Sikumjibu hata moja, kwa mwandiko ule ule alionipa. Yalipotokea Mapinduzi nikasikia watu wengi wamepotea, nikadhani naye amekufa, na moyo wangu ukapumzika. Hilo la kupumzika ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Picha nilikuwa nimekwisha kuikata siku nyingi.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi ya pili. Nimeapa mbele ya hakimu, Jumatatu, na mhuri wa mahakama upo. Mhuri wa Chama sikuugonga, kwa kuwa jana usiku niliwasomea wenzangu karatasi hiyo kisha nikaurudisha. Wengine hawakunipa mkono.

Itumie. Jina langu usilipunguze makali. Na hii barua, kama unaweza, msomee.

Baba yako


Harrow, London
17 Machi 1974

Baba,

Shikamoo. Nimekawia kukuandikia. Nilianza barua nne, na zote zilikuwa nzuri sana kwa lugha, nikazichana.

Kiapo chako nilikiwasilisha. Katika baraza la rufaa walikaa watu watatu, na ilikuwa kazi yangu kuwafasiria utani kwa Kiingereza. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa sita yenye marejeo ya kitaalamu. Mwenyekiti aliniuliza swali fupi: "Kwa hiyo, binti, kwa mujibu wa desturi yao, lori lile siku hiyo lilikuwa la nani kuliendesha?" Nikaziweka kurasa zangu mezani. Nikamjibu, "La Mzee huyu. Asingeliendesha, angekuwa amekosa." Bibi aliyekaa kulia alimtazama Mzee Soud, akamwuliza mbona alikubali kosa lisilo lake miaka yote thelathini. Mzee alijibu kwa Kiswahili, nami nikafasiri: "Rafiki yangu alikuwa amefiwa."

Uamuzi umekuja kwa posta juzi. Mguu umeingia katika kumbukumbu. Posho ya gari itatolewa, ushuru wa barabara umesamehewa, na vyuma vya mikono vitafungwa mwezi wa nne. Bwana Kishor ameanza kukwangua kutu.

Sitaficha kwamba nilikukasirikia. Nilikuwa nikijivunia picha ile mbele ya wenzangu, hata mbele ya mhadhiri. Bado kuna siku naitazama na siku naigeuza. Lakini insha sitaliandikia shauri hili. Mhadhiri amestaajabu, anasema ningepata tuzo. Nimechukua mada ya nyumba za kupanga.

Barua yako nilimsomea Mzee neno kwa neno, chumbani kwake, siku mbili kabla ya baraza. Nilipofika mahali pa kibla alifumba macho. Nilipomaliza aliniomba barua hiyo, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaniuliza kama nimekula.

Bintiyo,
Mwantumu


Ngamiani, Tanga
6 Aprili 1974

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akulinde. Sisi tupo. Mvua za masika zimeanza vizuri.

Nimefurahi kwa ajili ya gari. Mwambie asiizoee breki ya mkono kuivuta kwa nguvu, magari madogo huteleza.

Siku hizi nipo nyumbani zaidi. Mwenyekiti mpya ni mtu mzuri. Jioni wachache hupita kuniamkia, na mmoja alikuja akakaa mpaka usiku bila kuniuliza lolote.

Kukasirika una haki. Sitakuambia uache.

Kama atasema neno lolote, hata la kunitukana, niandikie. La kunitukana hasa.

Baba yako


Rayners Lane, London
23 Juni 1974

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka chumbani kwa Mzee Soud. Sote tu wazima, isipokuwa mmoja, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Bi Zuwena amefariki Jumatano, tarehe 19, alfajiri. Tumemzika juzi Ijumaa.

Nataka ujue kwamba gari lilikuwa tayari tangu mwanzo wa Mei. Mzee alikwenda Lewisham mara kumi na saba. Nilifuatana naye mara mbili tu, kwa kuwa hakuhitaji mtu. Alikuwa akifika hajachoka, shati lake kavu, na Bi Zuwena hakugeukia ukuta tena. Alianza kula. Aliwafundisha wauguzi neno "maji" na neno "basi." Siku moja aliniambia mumewe amekuwa mtu wa ovyo, haishi kuja. Wiki ya mwisho kiharusi kilirudi, na Mzee alikuwepo. Alikuwa katikati ya maneno naye. Sikufikiri kwamba fomu inaweza kumpa mtu kitu kama hicho. Nilidhani fomu ni fomu.

Ijumaa asubuhi gari la maiti lilipaswa kutangulia kwenda makaburi ya Waislamu, nje ya jiji, nasi tulifuate. Mzee alitoka akiwa na kanzu na koti, funguo mkononi. Bwana Kishor na mkewe Vasanti walikuwa wamesimama mlangoni. Nilimwendea.

"Nipe funguo, Mzee."

"Naweza kuendesha. Leseni ninayo, posho ninayo."

"Najua. Lakini umefiwa."

Akazikaza funguo kiganjani.

"Mimi ni mtoto wa Shomari Mzigua," nikamwambia. "Leo ni siku ya tatu, na haijaisha. Mfiwa haendeshi gari mtani wake yupo. Kaa upande ule, mpagazi."

Baba, sijawahi kumwita mtu mzima jina kama hilo. Vasanti alishika mdomo. Bwana Kishor aliinamisha kichwa akaanza kuufunga mlango uliokuwa umekwisha kufungwa. Mzee alisimama, mabega yakamtikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko au ni kilio. Kisha akanipa funguo. Akazunguka kwa magongo, akakaa kushoto.

Vyuma vya mikono vimefungwa juu ya kanyagio, ila mwenye miguu anaweza kulitumia gari kama kawaida. Kila nilipokanyaga breki, kile chuma kilisogea chenyewe kando ya usukani, na Mzee akawa anakitazama njia nzima. Tulipofika kwenye mlima mmoja nikabadilisha gia, ikagonga.

"Ya pili usiivute hivyo," akasema. "Unaendesha kama baba yako."

"Ndiye aliyenifundisha."

"Nasikia."

Mimi nilibaki garini, langoni. Wanaume waliingia. Kutoka mbali nilimwona Bwana Kishor, ambaye si dini yetu, amemshika Mzee kiwiko ili aweze kuinama na kutia udongo.

Jana jioni aliitoa barua yako mfukoni. Imechakaa sasa, mikunjo yake imetoboka. Akaniambia nichukue kalamu, nami nimeandika kama alivyosema, bila kuyapamba:

"Mwambie mvivu nimemsikia. Mwambie kule Kabaw sikumwuliza kama mguu aliulaza kuelekea kibla, na swali hilo limenikaa miaka thelathini, sasa limeondoka. Mwambie kadi zangu za Idi ni ishirini, na jibu moja si jibu. Halafu mwambie alichozika ni kipande tu. Mzigo mkubwa bado uko huku, na zamu ni yake. Kwa hiyo asithubutu kunitangulia."

Mtoto wa mtani wake, na wako,
Mwantumu